Kaole, Mangapwani au Gedi: uanze na kisima kipi?

"Hakikauki, na hakiingii chumvi." Kwenye visima vya kale vya pwani yetu kauli hiyo imezoeleka kama salamu, na aghalabu hutolewa kwa sauti ya chini, kama mtu anayekupa siri. Nusu yake ya kwanza mara nyingi ni kweli. Nusu ya pili ni kweli kwa masharti, na masharti yenyewe yana utamu wake.

Hapa tunaweka ubavu kwa ubavu sehemu tatu kwa ajili ya mtu mwenye siku moja na nauli ya safari moja: kisima cha Kaole karibu na Bagamoyo, pango la maji la Mangapwani huko Unguja, na visima vya Gedi karibu na Malindi. Tumezichagua kwa sababu hazifanani. Kaole ina simulizi nyingi na maji kidogo. Mangapwani maji ndiyo mwenyeji, na simulizi ni moja, fupi. Gedi maji yalishuka, simulizi ikabaki.

Kaole: kisima chenye majirani

Magofu ya Kaole yako kama kilomita 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo, nao Bagamoyo uko kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam. Mji wa Kaole ulianza karne ya 13, na msikiti wake mkongwe huhesabiwa miongoni mwa misikiti ya kale kabisa upande wa bara. Bandari ilipojaa tope na mikoko ikasogea, biashara ilihamia Bagamoyo, Kaole ikaachiwa misikiti miwili, makaburi yapatayo ishirini na ushei, na kisima.

Mtu aliyekuja akitarajia ajabu huangalia kisima kile mara moja akauliza, "Ndiyo hiki?" Ni kidogo. Kilichimbwa kwa kazi ya kila siku, maji ya udhu kwa wanaoingia msikitini. Ila karne kadhaa za kutumika kwa ibada zimekipa sifa ya baraka: husimuliwa kwamba maji yake hayakatiki hata kiangazi kikali, kwamba ni matamu ingawa bahari iko jirani, na kwamba anayenawa uso akiwa na nia hupata anachokiomba.

Kinachoipa Kaole uzito ni majirani wa kisima hicho. Lipo kaburi la Sharifa, mwanamke anayeheshimiwa kama mcha Mungu, ambako watu hadi leo hufika kuomba dua na kuacha sadaka. Lipo kaburi la wapenzi wawili wanaosemwa walizama baharini. Upo mbuyu wa miaka mingi ambao kuuzunguka huongeza umri na kuubandua gome huupunguza. (Anayejua namna wageni wanavyopenda kuchonga majina kwenye miti atakubali kwamba aliyetunga hilo la gome alikuwa na akili.) Kwa hiyo kisima hapa ni shanga moja kwenye uzi. Ukikitazama peke yake utaondoka umepungukiwa. Ukienda kwa mpangilio wa msikiti, kisima, Sharifa, wapenzi, kisha mbuyu, utaona namna kila kisa kinavyokuandaa kwa kinachofuata, na utamalizia kivulini.

Tenga saa moja na nusu. Fika kabla ya saa nne asubuhi, maana uwanja wa magofu una jua kali na hewa ya mikoko ni nzito. Viatu vya kawaida vinatosha, ardhi ni tambarare, na mzee wa miaka sabini mwenye bakora anaweza kuzunguka sehemu kubwa bila shida.

Kwa nini hakiingii chumvi

Tusimame kidogo hapa, kwa kuwa hoja hii inahusu sehemu zote tatu.

Mvua inayonyesha juu ya mwamba wa matumbawe hupenya haraka, ikashuka hadi inapokutana na maji ya bahari yaliyojipenyeza chini ya nchi kavu. Hayachanganyiki mara moja. Lita ya maji ya mvua ina uzito wa kilo 1. Lita ya maji ya bahari ni kama kilo 1.025. Maji matamu ni mepesi, kwa hiyo huelea juu ya yale ya chumvi mfano wa mafuta juu ya mchuzi, yakiwa na umbo la dengu: manene katikati ya nchi, membamba kuelekea ufukweni.

Tofauti hiyo ya gramu 25 kwa kila 1,000 huzaa hesabu ambayo wataalamu wa maji huiita kanuni ya Ghyben na Herzberg. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo kama mita 40 chini yake. Ndiyo sababu kisima kinaweza kuwa karibu na mawimbi na bado ukapika nacho chai. Lakini geuza hesabu uone upande wa pili: ukivuta maji mpaka usawa wake ushuke kwa sentimita 10, chumvi iliyo chini hupanda kuelekea kwako kama mita 4. Hali halisi ina mchanganyiko na nyufa, haifuati hesabu kwa usahihi wa rula, lakini mwelekeo ni huo.

Sasa mtazame mchimbaji wa zamani. Alichimba hadi maji yalipoonekana, akaongeza kina kidogo tu, akaacha. Kisha watu wakateka kwa kata na kamba, ndoo moja moja, na maji yakapata muda wa kurudi. Mrithi wake wa leo anachimba kina kirefu "ili kisikauke", anafunga pampu ya umeme, anavuta usiku kucha kujaza matangi, na baada ya miezi kadhaa chai ina ladha ya machozi. Majirani husema mzimu umekasirika. Kosa liko kwenye kina na kwenye kasi. Dawa yake, kwa anayejenga karibu na bahari, ni kisima kipana na kifupi badala ya chembamba na kirefu, pampu ndogo, na kuvuta kwa vipindi.

Jambo moja la kuangalia ukiwa kwenye kisima chochote cha karibu na ufuko: maji yake hupanda na kushuka na bahari, kwa kuchelewa. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa zaidi, tofauti hiyo huonekana kwa macho, kwa alama ya unyevu kwenye mawe ya ndani. Wakati wa maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu, ni vigumu kuitambua. Kisa cha kisima "kinachopumua" kimezaliwa hapo.

Mangapwani: shuka kwenye maji

Mangapwani iko kama kilomita 20 kaskazini mwa Mji Mkongwe, kwa njia ya Bububu. Gari la abiria la kuelekea Bumbwini hupita huko. Anayetoka Dar aongeze boti ya mwendo kasi, kama saa mbili kila upande, na hapo hesabu ya siku moja inabana: panda boti ya kwanza asubuhi au lala Unguja.

Kosa la kwanza la wageni ni kuchanganya sehemu mbili. Kuna pango la asili lenye maji, na kuna chumba cha watumwa, kilichochongwa kwenye mwamba wa matumbawe mwendo kidogo kutoka hapo, ambacho kinahusishwa na mfanyabiashara wa watumwa Mohammed bin Nassor Al-Alwi. Chumba hicho kilitumika kuficha watu baada ya Sultani Barghash kufunga soko la watumwa mwaka 1873, wakati biashara ilipoendelea kwa siri. Mwambie dereva neno moja tu, "Mangapwani", atakupeleka popote anapopenda. Sema "pango la maji" na "chumba cha watumwa" kila kimoja kwa jina lake, na ukubaliane naye mapema kama utaviona vyote viwili.

Simulizi ya pango ni hii. Kijana mtumwa wa Hamed bin Salim El-Harthy alikuwa akichunga mbuzi, mmoja akapotea. Alimfuata kwa sauti mpaka kwenye tundu kati ya vichaka, akashuka, akakuta maji baridi na matamu. Basi. Hakuna jini, hakuna laana. Mbuzi kalia, maji yamepatikana. Tunaipenda kwa sababu ndivyo mapango mengi ya namna hii yanavyogunduliwa kweli: mwamba wa chokaa huliwa na maji ya mvua, paa likadhoofika, likaanguka sehemu, na mnyama mwenye kiu akafika kabla ya binadamu. Imani zimekuja kuongezwa baadaye, na kama ilivyo kwenye mapango mengi ya Unguja, wapo wanaoleta hapo ubani, marashi na vitambaa kwa ajili ya mizimu.

Unashuka kwa ngazi. Mwanga unabaki nyuma yako haraka kuliko ulivyodhani, joto linageuka kuwa unyevu unaoganda shingoni, na mbele kuna maji yaliyotulia mpaka unasita kujua yanaanzia wapi. Hapo ndipo mtu anakosea hatua. Ngazi na mawe vina utelezi mwaka mzima, zaidi wakati wa masika, kwa hiyo vaa ndala za kamba nyuma ya kisigino au viatu vya mpira vyenye meno, si kandambili. Taa ya kuvaa kichwani ni bora kuliko ya simu. Simu inahitaji mkono, na mkono unauhitaji kushikia. Mtoto wa chini ya miaka saba ashikwe muda wote. Mwenye pumu au magoti mabovu abaki juu, hatapoteza simulizi yoyote, atapoteza maji tu.

Tukiongea juu ya maji: usiyanywe. Hilo ni kwa sehemu zote tatu, ila Mangapwani kishawishi ni kikubwa kwa kuwa ni maangavu. Mwamba wa matumbawe hauchuji kama mchanga. Una nyufa na mirija, na uchafu wa choo kilichochimbwa juu unaweza kufika chini bila kupunguzwa kitu. Uangavu hauambii chochote kuhusu vimelea. Kama ni lazima, yachemshe mpaka yatokote kwa kishindo, au tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio na usubiri nusu saa. Na usishangae sabuni ikikataa kutoa povu: maji yaliyopita kwenye chokaa ni magumu, ndiyo yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Kunawa mikono kwa heshima hakuna ubaya. Kuogelea, kufulia na kumwaga sabuni ndani kuna ubaya kwa kila mtu aliye chini ya mkondo huo, nawe huujui unakokwenda.

Gedi: kisima kilichoshindwa

Gedi iko kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi, karibu na Watamu, ndani ya msitu. Ni kubwa kuliko Kaole kwa kila kipimo: Msikiti Mkuu, kasri, nyumba za mawe, kuta mbili za mji, kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mji ulistawi zaidi karne ya 15 na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Simulizi hapa ni ya ulinzi: roho za wazee wa mji bado wapo, na anayevunja ukuta au kuondoka na kigae hulaaniwa. Kirkman mwenyewe, mtu wa vipimo na madaftari, aliandika kwamba mwanzoni alijihisi kama kuna kitu kinamwangalia kutoka nyuma ya kuta. Ukiwa pale saa kumi jioni, kima wakiruka juu ya kuta na mizizi ikiwa imekumbatia mawe, hutamcheka.

Lakini ajabu kubwa ya Gedi iko kwenye kisima kilicho nje ya Msikiti Mkuu. Msikiti wenye maji ya udhu lazima uwe na kisima, mfereji na birika, na vyote hivyo vinaonekana. Nenda polepole hapo. Wachimbuzi waliona kwamba kisima kiliongezwa kina baadaye. Maana yake maji yalikuwa yakishuka, na watu wakiyafuata. Mji wa bandari unaweza kutorokwa na bahari, kama Kaole. Gedi ilikuwa kilomita kadhaa kutoka ufukweni na haikuwa na bandari ya kupoteza. Ilitegemea kilichokuwa chini ya miguu yake. Zipo sababu nyingine zinazotajwa: uvamizi wa Wazimba, wapiganaji kutoka kusini, kwenye pwani hii mwaka 1589, Sultani wa Malindi kuhamia Mombasa pamoja na Wareno mwaka 1593, na shinikizo la Waoromo kutoka kaskazini. Hatuoni haja ya kuchagua moja. Mji wenye maji ya kutosha hustahimili adui. Mji unaochimba kisima upya kila kizazi hukosa subira mapema.

Kwa hiyo anayetaka kuona upande wa pili wa ile kauli ya "hakikauki" aje hapa. Tenga saa mbili na nusu, beba maji yako ya kunywa, na dawa ya mbu kwa sababu ni msitu. Njia ni nzuri, kivuli kipo kila mahali, watoto hufurahi. Mkenya abebe kitambulisho ili alipe kiingilio cha raia, na uwe na fedha kwenye simu kwa ajili ya malipo. Mtanzania halikadhalika upande wake: bila kitambulisho unaweza kutozwa kama mgeni.

Na Amboni?

Watu wa Tanga watauliza mbona wao wameachwa. Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji, yana mzimu unaotembelewa sana, hasa na wanaotafuta mtoto, na kisa cha njia ya chini ya ardhi inayodaiwa kutokea mbali kabisa na hapo. Lakini pale mwenye enzi ni pango, si maji. Anayetaka maji yanayosemwa kuponya aelekee chemchemi za kiberiti za Galanos, zilizo jirani. Maji yake ni ya moto na harufu ni ya mayai viza; watu huyaendea kwa magonjwa ya ngozi na maumivu ya viungo. Joto hulegeza misuli, hilo halina ubishi. Mwenye kidonda kibichi, shinikizo la damu au mimba amwone daktari kwanza.

Adabu, na hapa hatuchagui

Kote mtakuta vitambaa, sarafu, chupa za marashi, pengine chetezo chenye majivu. Msiguse. Masheikhe wengi wanakataza kumwomba mzimu au aliyemo kaburini, na wana hoja yao. Wapo wanaokwenda hata hivyo, na wana shida zao. Mgeni hakuitwa kuamua kesi. Mkikuta mtu anaomba, rudini nyuma, simu mfukoni, msubiri amalize. Mavazi ya kufunika mabega na magoti yanatosha kote. Pale panapoulizwa viatu, vueni bila kujadili.

Mtagundua pia kwamba miiko ya maji inaelekea upande mmoja. Vijiji vingi hukataza kuchota kwa sufuria lenye masizi, kufulia kwenye chemchemi, kukata miti iliyoizunguka. Mwite mlinzi jini, mzimu au afisa afya. Orodha ya makatazo inafanana kiasi cha kushangaza.

Basi uende wapi

Una wazazi, au wageni wanaopenda kusimuliwa: Kaole. Ni rahisi kwa miguu, kisa kinafuata kisa, na mchana mnapata samaki Bagamoyo.

Unataka maji yenyewe, kuyaona na kuyasikia, na magoti yanakubali: Mangapwani. Lakini usiende kwa ajili ya pango peke yake. Ukikifikia kile chumba cha watumwa, saa moja ya pale itakubakia kichwani kuliko pango.

Una wanafunzi, au wewe ni mtu wa "kwa nini": Gedi, bila kusita. Ndiyo pekee kati ya hizi tatu ambako simulizi na ushahidi vinabishana mbele yako, na kisima kinakuonyesha kuchimbwa kwake mara ya pili.

Popote utakapokwenda, acha tabia ya kutupa jiwe ili usikie kina. Kila mgeni hutupa moja, na kisima hujazwa hivyo hivyo. Chukua kioo kidogo cha mkononi, kile cha kujitazamia. Kati ya saa tano na saa saba mchana, jua likiwa juu, simama pembeni ya kisima bila kuegemea ukingo, kinga mwanga kwa kioo na uuelekeze ndani polepole, kuanzia ukingoni kushuka. Utaona alama za kamba kama zipo, mstari wa unyevu wa jana, mahali ujenzi wa mawe unapoisha na mwamba mtupu unapoanza. Tafuta hasa pale ambapo mchimbaji wa pili aliendelea kutoka aliposimama wa kwanza.